Mtambo Uliojibu Badala ya Mlinzi

Siku ya kwanza nilipoingia katika chumba cha hesabu cha kampuni ya taifa ya migodi, pale Shituru, Mkuu wa Mitambo hakunionyesha meza yangu. Alinisimamisha katikati ya mashine za kusoma kadi zilizotobolewa, akaniamuru nifumbe macho.

"Unasikia nini?"

"Mashine, Chef."

"Hapana. Unasikia ventilateur, feni ya kupoza. Mashine utaisikia kisha. Na ile taa ya kijani, usiiamini. Taa inasema courant iko, umeme tu. Haiseme kama kazi iko."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kupima afya ya mitambo. Vijana wa leo huketi mbele ya kioo wakasoma hali ya mfumo mzima. Sisi tulipima kwa mwili. Joto la transfoma tulilipima kwa upande wa nyuma wa mkono, kwa kuwa kiganja kikipigwa na umeme hukaza na kushika. Pua ilitambua mpira wa nyaya unaoanza kuungua. Macho yalitafuta kutu ya kijani, maana mvuke wa asidi kutoka kiwandani ulipenya kila dirisha na kula viungo vya shaba ndani ya mitambo yetu. Wenzangu waliniita Dokta.

"Dokta, mugonjwa amelala?"

"Amelala, lakini anakoroma mubaya."

Asubuhi tulianza kwa desturi tuliyoiita kuamsha. Posti zote za migodi ziliunganishwa nasi kwa teleprinta, yaani mashine ya kuandika inayopokea maneno kwa waya. Ilikuwa na kibonye kilichomaanisha "wewe ni nani?" Ukikibonyeza, mashine ya upande wa pili ilizungusha gurudumu lenye meno na kuandika jina la posti yake, yenyewe, bila kidole cha mtu. Posti iliyojibu tuliihesabu kuwa hai.

Posti ya mwisho ilikuwa katika mgodi uliofungwa, nje ya barabara ya Kambove. Mlinzi wake, Mzee Kabamba, aliishi huko peke yake akiangalia pampu za maji. Simu ilikwisha kufa. Kuandika kwa mashine hakukuzoea, kwa hiyo kimo cha maji alikileta mwenyewe siku ya posho, Jumamosi, aliporudi mjini kuchukua unga wa familia. Mtu wa Kampuni aliweza kukosa misa, posho hakuikosa.

Jumatatu moja, tukiwa tunakamilisha tathmini ya nyaya zote kwa ajili ya Mkurugenzi wa Lubumbashi, mke wa Kabamba, Mama Ngalula, alisimama mlangoni petu.

"Chef, bwana yangu hakurudia siku ya posho. Bukari nilimupikia imelala mu sahani."

"Tulia, mama," Mkuu akamwambia. "Asubuhi ya leo tumemuuliza, akajibu."

"Alijibu nini?"

"Jina ya posti."

"Jina tu? Hakuuliza watoto?" Akatutazama mmoja mmoja. "Basi ule haiko bwana yangu."

Mkuu, aliyenifundisha kutoiamini taa, alikuwa na ripoti ya kupeleka. Alikwenda mwenyewe kwenye kibonye, akakibonyeza. Jina likaja upesi, herufi zimenyooka, kama siku zote. Sijui kwa nini safari hii hakuna aliyependa kulisoma kwa sauti.

"Peleka gari, Dokta," akasema polepole.

Tulipofika, Mama Ngalula akiwa kando ya dereva, milango ya posti ilikuwa wazi. Pampu zilinguruma sawasawa. Nilitia mkono nyuma ya teleprinta: joto la kawaida. Taa ya kijani iliwaka. Sakafuni karatasi ilikuwa imejikunja lundo juu ya lundo, na juu yake hapakuwa na kitu ila swali letu na jibu lake, swali na jibu. Kwa vipimo vyote nilivyofundishwa, posti ile ilikuwa na afya kuliko zote nilizopata kuzikagua.

"Baba Kabamba!" mkewe akaita.

Sauti ilitoka chini ya miguu yetu. Kifuniko cha zege cha mfereji wa nyaya kilikuwa kimevunjika pembeni, naye alikuwa amelala humo, mguu umevunjika, akiishi kwa maji yaliyovuja kutoka kwenye bomba. Tulipomtoa, kwanza aliuliza watoto. Kisha akanishika mkono.

"Dokta, minye nilikuwa naita. Asubuhi nasikia munauliza: weye nani? Nafungua kinywa nijibu. Yeye ananitangulia. Anasema niko. Na mulikuwa munaitika."

Alipona, akatembea kwa fimbo, akaomba kurudi posti yake. Tangu siku hiyo, baada ya jina kuja, niliandika swali ambalo gurudumu halikuwa na meno yake: "Mumekula nini?" Nilingoja jibu la kidole chenye makosa. "Sombe." "Lengalenga, haina chumvi." "Bado."

Kwa miaka mingi tathmini zangu zilikuwa na vipimo vya joto, vya umeme na vya kutu. Hicho cha kuuliza chakula sikufundishwa popote, na wakubwa walikiona mchezo. Kampuni ikadhoofika. Kabamba akazikwa, posti ikabaki bila mlinzi. Siku yangu ya kustaafu, Mkuu mpya alinipa kazi moja: kuamua kama waya ule ubaki.

Nikabonyeza. Jina likaja, safi. Nikaandika: "Mumekula nini?" Nikangoja hadi Mkuu mpya akasogea na kutazama karatasi.

"Dokta, iko muzima?"

"Mashine iko muzima," nikamjibu, nikaandika katika ripoti kwamba posti imekufa.

Nilipogeuka kuchukua koti, mashine ikaandika jina lake tena. Hakuna aliyekuwa ameliuliza. Waya uliolika hufanya hivyo. Mafundi wenzangu watawaeleza. Hata hivyo nilirudi, nikasoma, nikasimama mpaka karatasi ilipotulia. Kisha nikaukata.