Chumba cha Kubadilishia Kisicho na Mlango

Mimi ni mtu wa kushtuka. Mume wangu hupenda kusema kwamba nikikuta chumvi imezidi kwenye mboga, majirani watatu hutoka nje kuuliza nani kafariki. Lakini Jumamosi ile, nilipoingia kwenye chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo katika bwawa moja la kuogelea hapa Tunduma, sikupiga kelele. Nilisimama tu. Mtoto wa miezi mitano alikuwa begani, wa miaka mitatu nimemshika mkono, na macho yangu yalikuwa yanatafuta mlango wa kufunga.

Mlango haukuwepo. Bawaba zilikuwepo, zimeota kutu ukutani. Baadaye niliambiwa mbao zilivimba kwa unyevu, wakaung'oa, wakatundika pazia la plastiki la bafuni, fupi, lenye picha za samaki. Na upepo wa Tunduma kila mtu anaujua. Pazia lile lilikuwa linapanda mpaka darini na kushuka linavyotaka. Sakafu ilikuwa saruji tupu yenye madimbwi. Benchi hakuna. Msumari wa kutundikia nguo ulikuwa mmoja, na mtu alikwishautundikia ufagio. Mahali pa kumlaza mtoto hapakuwepo, ila sinki, tena bomba lake linavuja.

Nilijiuliza aliyejenga pale alizaliwa na nani. Hivi kweli mtu anachimba bwawa, analijaza maji, anaandika ubaoni WATOTO WANAKARIBISHWA kwa rangi nyekundu, halafu hajiulizi hata mara moja mama mwenye watoto wawili atavuaje nguo akiwa na mikono miwili tu? Nilishangaa mpaka nikacheka peke yangu.

Nje alikuwepo baba mkwe wangu. Hapo ndipo niseme habari yake, maana bila hiyo hamtanielewa.

Mimi ni mtoto wa Kinamwanga, nimezaliwa na kukulia hapahapa mpakani. Kwetu watu wanaongea na wakwe zao, wanacheka nao, hata kubishana bei ya mahindi wanabishana. Mume wangu ni Mndali wa Ileje. Vijana wa kwao siku hizi wameyaachia mambo mengi, lakini baba yake hajaachia kitu. Kwake yeye, mke wa mwanawe hamtazami usoni, hampi mkono, hakai naye chumba kimoja, na hamsemeshi. Nikiingia sebuleni anatoka. Nikikutana naye kwenye kibaraza mimi nainamisha kichwa na kupita pembeni, yeye anageukia ukutani. Miaka mitano ya ndoa nilikuwa sijawahi kuyaona macho yake vizuri. Na si kwamba ananichukia. Ndiyo heshima yenyewe, na mwenyewe nilikuwa nimeizoea, nikaanza hata kujivunia.

Sasa mtu akija kukaa kwako wiki tatu kutibiwa goti, mtaishije bila kusemezana? Tulikuwa na binti yangu, huyo wa miaka mitatu. Tangu alipoanza kutamka maneno, kila babu alipokuja au tulipokwenda Ileje, yeye ndiye alikuwa mdomo wetu. "Mwambie babu maji ya kuoga yako tayari." Anakimbia, anasema. Anarudi. "Babu anasema ahsante, na dawa zake ziko wapi." Mambo yote ya nyumba yalipita kwa yule mtoto, na alikuwa hakosei hata neno. Tulimsifia kwa wageni.

Siku hiyo mume wangu alitaka kumwonyesha baba yake bwawa, watu wanavyolipa kiingilio kwenda kulowa kwa hiari yao. Mzee alivaa koti lake la kanisani. Tulipofika tu nikagundua nimesahau mfuko wa nepi kwenye gari, na gari tulikuwa tumeliacha mbali kwa sababu ya foleni ya malori. Mume wangu akarudi kuufuata. Mzee akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, mimi nikaenda na watoto kubadilisha nguo.

Kutoka kwenye lile pazia hadi kwenye kiti cha mzee ni hatua kama kumi. Njia yenyewe inapita ukingoni mwa bwawa, tena upande wenye kina. Hapakuwa na uzio wala kamba. Nilipochungulia mara ya kwanza nilimwona mzee amekaa akitazama maji. Upepo ukaja, pazia likapanda, na mimi nimekwishavua blauzi. Naye akaona kwamba ataona. Alisimama, akakigeuza kiti chake kizima, akaketi tena uso kwenye ukuta wa barabarani, mgongo kwetu na kwa bwawa lote. Moyoni nilimshukuru. Nilisema, huyu mzee ana adabu kweli.

Binti yangu nilimvalisha nguo yake ya kuogelea, ya njano. Mdogo alikuwa amechafua nepi hadi mgongoni, nikamvua, nikamkalisha kwenye sinki nikimshikilia kifuani kwa mkono mmoja huku namwosha kwa mwingine. Ukimwachia tu anaangukia saruji. Yule mkubwa akaanza kuruka kwenye madimbwi. Nikamwambia atulie. Hakutulia. Akasema, "Mama, naenda kwa babu."

Nikasema nenda.

Mama yeyote mwingine hapo angetoa kichwa nje na kuita, "Baba, mtoto huyo anakuja, mshike!" Maneno matano tu. Lakini mimi nimwite baba mkwe wangu kwa sauti, tena nikiwa nimevaa sidiria? Halikunijia hata akilini. Nilifanya kama tulivyokuwa tunafanya siku zote. Nilimwambia mtoto, "Mwambie babu akushike mkono."

Mtoto wa miaka mitatu, kando ya maji, nikamtuma aende kuomba ashikwe. Mpaka leo nikilikumbuka hilo napandwa na hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu.

Nilimaliza kumwosha mdogo. Nikamfuta kwa kitenge. Haikuzidi dakika mbili, labda hata moja na nusu. Kilichonishtua ni ukimya. Binti yangu hakai kimya, hata usingizini anaongea. Nikamweka mdogo begani, nikasukuma pazia, nikatazama kule getini. Mgongo wa mzee ulikuwa palepale. Pembeni yake hapakuwa na mtu.

Nguo ya njano ilikuwa ndani ya maji. Haikuwa inapigapiga wala kuhangaika, ilikuwa inaelea chini kidogo ya uso wa maji, na nywele zimetawanyika. Maji yalikuwa yametulia kabisa, na hicho ndicho kitu ambacho sijawahi kukisamehe.

Nilipiga yowe. "Baba!" Sikumbuki kama ilikuwa mara moja au mara kumi. "Baba, mtoto! Mtoto!"

Aligeuka. Alinitazama mimi kwanza, sidiria na sketi ya ndani na kichanga uchi begani, halafu akafuata mkono wangu ulikokuwa unaelekea. Mtu ambaye goti lake lilikuwa halimruhusu kupanda ngazi alikimbia akaingia kwenye maji na koti na viatu. Yalimfika shingoni. Alimnyanyua mtoto juu kwa mikono yote miwili, akaja naye hadi ukingoni nilipokuwa nimepiga magoti nimenyoosha mkono. Na hapo akafanya jambo lililonishtua kuliko yote. Hakunipa. Alimlaza mtoto kwenye saruji, mbele ya mkono wangu, akageuza uso pembeni.

Hata pale! Mtoto midomo imekuwa ya bluu, na yeye anakwepa kugusa mkono wa mkwe wake! Nilimchukia sekunde ileile, chuki safi, wala sifichi.

Mama mmoja aliyekuwa anafagia majani, mtu wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, alitupa fagio akaja mbio huku analia, "Mayo! Mayo we!" yaani mama wee kwa lugha ya kwao. Lakini mikono yake haikuwa inalia. Alimlaza vizuri, akamwinua kidevu, akampulizia pumzi mdomoni, akasikiliza, akampulizia tena. Mara ya nne au ya tano mtoto akakohoa. Yule mama akamgeuza upande, maji yakatoka mengi, ndipo akalia. Nilikuwa sijui kwamba kilio kinaweza kuwa kitu kizuri namna ile. Mume wangu alitukuta hivyo, mfuko wa nepi mkononi, akauliza nini kimetokea.

Hospitalini walimweka siku mbili kumwangalia mapafu. Alipona. Siku ya kutoka aliomba chipsi.

Mzee alikaa kwenye chumba chake, chakula kinaingia na kurudi nusu. Mume wangu akaniambia baba anataka kurudi Ileje kabla dawa hazijaisha. Nilidhani ni kwa sababu aliniona nikiwa nusu uchi na nikamwita kwa kelele mbele za watu. Nikasema aende. Nilikuwa nimechachamaa, sikutaka hata kupishana naye kwenye kibaraza.

Chumba kipya pale bwawani kipo sasa, na wanaotoka Mkwajuni na Vwawa na watoto wao siku za sikukuu wananiambia ni kizuri. Kina mlango wa chuma. Komeo liko juu, mtoto halifikii. Kuna benchi pana ukutani lenye kingo, la kumlaza kichanga, na kiti kidogo chenye mkanda wa kumfunga mkubwa wakati unahangaika na mdogo. Ubaoni wameandika FAMILIA, ili hata baba aliyekuja na binti yake asisimame katikati akijiuliza aingie mlango upi. Na unapotoka unakutana na uzio kabla hujakutana na maji. Watu wanadhani kilijengwa kwa sababu ya mdomo wangu. Ninao mdomo, ni kweli, lakini haukufua dafu.

Wiki moja baada ya siku ile, mzee akiwa bado hajaondoka, nilikwenda kwa meneja na mume wangu. Mzee alikuja nyuma yetu bila kuitwa, akaketi kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, uso ukutani, kwa sababu mimi nilikuwa humo ndani. Nikashangaa amekuja kufanya nini.

Meneja alikuwa mpole. "Pole sana mama, tumesikitika sana," alisema. Nilipomaliza kumweleza habari za mlango, sinki na uzio, akavuta pumzi. "Lakini tusilaumu jengo, mama yangu. Watu wengi wanakuja hapa na watoto. Suala ni uangalizi. Kwani nje hapakuwa na mtu mzima?"

Damu ilinichemka. Nilitaka kusema hapakuwa na mtu, lakini mtu mzima alikuwepo.

"Nilikuwepo mimi," mzee alisema.

Alikuwa bado ametazama ukuta. Sauti yake nilikuwa nimeisikia mara chache sana ikisema zaidi ya kuwasalimu wageni.

"Nilikuwa nimegeuka. Chumba chako hakina mlango, na mke wa mwanangu alikuwa ndani anavua. Ningetazama wapi?"

Meneja akasema taratibu, "Sasa mzee, kama ulikuwa umegeuka, usingeweza kujua mtoto ametoka."

"Nilijua. Alisema. Alisema kwa sauti, babu, mama anasema unishike mkono."

Mume wangu alinitazama. Siku zote zile nilikuwa najifariji kwamba mtoto hakufika, hakusema, labda mpira au jani lilimvuta akasahau ujumbe. Kumbe alisema. Alisema neno kwa neno, kama tulivyomfundisha.

"Nilidhani mama yake yuko naye pale pale mlangoni," mzee akaendelea. "Ningegeuka ningemwona. Basi nikafanya hivi."

Akaupeleka mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo wa kiti, kiganja wazi, vidole vimetanuka kidogo, jinsi mtu anavyompa mtoto mkono aushike.

"Nikangoja," alisema. "Hakuushika. Nikasema amebadili nia, amerudi kwa mama yake. Nikaendelea kungoja hivihivi, mpaka uliponiita."

Uliponiita. Alikuwa anasema na mimi.

Meneja aliweka kalamu chini. Alimtazama mzee, akautazama ule mkono, kisha akasimama akamwita fundi wake dirishani, akamwambia aje na futi apime mlango. Mimi sikuyafuatilia yale. Mzee alikuwa hajaurudisha mkono. Sidhani kama alijua bado uko pale, umenyooka nyuma kuelekea kwangu.

Niliinuka nikaenda nikaushika. Ulikuwa baridi na mgumu, mkono wa jembe. Alishtuka mwili mzima, nikadhani atauvuta, lakini aliufumba juu ya wangu, akalia akiwa bado ametazama ukuta.