Kata Kata na Namba Zilizokatazwa

Wanafunzi walimwita mwalimu wao wa hisabati Kata Kata, na jina lile alilipenda. Hakuna hesabu iliyomfurahisha kama kuzidisha sehemu zenye x: chambua juu, chambua chini, vinavyofanana vikate kwa mstari mmoja wa chaki, jibu libaki jepesi. Ila alikuwa na ulimi, jamani, na binti yake alikuwa darasani mwake.

Jumatatu alirudisha madaftari. Swali lilikuwa (x² − 9)/(x + 2) × (x + 2)/(x − 3). Binti alikata vizuri, akapata x + 3, kisha akaongeza kwa mwandiko mdogo: "ila x isiwe 3 wala −2." Kata Kata alikuwa amemkosesha kwa wino mwekundu, na bado hakuridhika. Akamsimamisha.

"Makatazo haya umeyaona wapi kwenye x + 3? Au x amekuwa mtoto mdogo, asitoke nje usiku?"

Darasa likavunjika mbavu. Binti akaketi, baba mtu akaendelea na somo kifua mbele.

Kesho yake, ofisini kwa walimu, alitaka kuandaa mfano wa kuonyesha kwamba swali na jibu lake hulingana, uweke namba yoyote ile. Akaweka tatu. Kwenye jibu akapata sita. Kwenye swali, chini ya mstari, tatu kutoa tatu ni sifuri, na kwa sifuri hakuna anayegawa. Akajaribu hasi mbili, mambo yakawa yaleyale. Kumbe kukata kunaificha sifuri tu. Namba zile zilikatazwa tangu kwenye swali, kabla yeye hajashika chaki. Aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni alimfuata binti jikoni, akamkuta akiosha vyombo.

"Mwanangu, lile jibu lako lilikuwa sahihi. Nimekurudishia alama zako."

"Asante, Mwalimu."

Nyumbani hakuwahi kumwita hivyo.

"Mbona Mwalimu tena? Si yameisha?"

"Yameisha hapa jikoni," alisema bila kugeuka. "Kule darasani wananiita Makatazo."

Kusema kweli, Kata Kata alitaka yaishe kimyakimya, heshima yake ibaki palepale.

Asubuhi aliandika swali lile ubaoni, akakata, akapata x + 3. Chini yake akaandika maneno ya binti, neno kwa neno.

"Hiki ndicho kikoa," alisema, "yaani namba ambazo x inaruhusiwa kuwa. Tunakitafuta kabla ya kukata. Aliyekosea ni mimi, na nilimcheka aliyepata."

Sauti ikatoka viti vya nyuma: "Basi na wewe Mwalimu, usitoke nje usiku."

Darasa zima likaangua kicheko. Kata Kata akabaki na chaki mkononi, akamtafuta binti yake kwa macho. Kicheko kile kilikuwa haki ya binti kuliko ya mtu yeyote.

Binti hakucheka. Alikuwa ameinamia daftari, machozi yakimlengalenga, akiona aibu kwa niaba ya baba yake.