Nukta ya Usiku wa Tatu

“Futa hiyo nukta, Mama. Ni wingu tu.”

“Sifuti.”

“Itatuaibisha.”

“Itakuaibisha wewe. Mimi nilikuwepo, na anga lilikuwa safi kama sahani.”

Ni saa tatu asubuhi, katika chumba cha kompyuta chini ya kuba la darubini. Mwendeshaji wa darubini amefunika kipanya kwa kiganja ili daktari wa fizikia aliyeketi pembeni yake asikiguse. Mama huyu ana miaka hamsini na mmoja, diploma ya umeme, na soksi za sufu miguuni. Mwenzake ana shahada tatu. Wamebishana hadi chai imepoa.

Siku tatu zilizopita, setilaiti ilinasa mlipuko wa miale ya gama uliodumu sekunde kumi na nane. Nyota kubwa mno ilikufa mbali huko, na katika kufa kwake ikafyatua mkondo wa chembe unaokwenda kwa kasi iliyo karibu na ya mwanga. Mlipuko wenyewe umekwisha. Kilichobaki ni mwanga hafifu, mkondo ule unapogonga gesi iliyo njiani, na mwanga huo hufifia siku hadi siku.

Kazi ya mama ni kuuwahi kabla haujazimika. Kwa miaka kumi na minne amewahi mara sitini na moja.

“Binti yangu huwaambia wenzake kwamba mama yake analipwa kutazama kitu kikizimika,” anasema. “Hajakosea.”

Zamani alikuwa fundi wa majokofu. Aliitwa kituoni kutengeneza kipoozeo cha kamera, kazi ya siku mbili, na hajaondoka mpaka leo. Hulala hapa siku nne kwa wiki, kilomita arobaini kutoka nyumbani. Mumewe ndiye anayejua watoto wanavaa viatu namba ngapi.

“Nilikonda kwa mawazo mwaka wa kwanza,” anasema. “Sasa nimenenepa tena. Kazi naipenda.”

Ugomvi wa leo ni wa kipimo cha usiku uliopita. Kwenye grafu, nukta nyingine zote zinashuka taratibu. Hii imeporomoka. Ripoti lazima iende kwa vituo vingine duniani kabla ya saa sita mchana. Nukta ikifutwa, wenzao watadhani mwanga bado upo wa kutosha, watapanga kuutazama wiki ijayo, na watakuta giza tupu.

“Nyota jirani nayo imefifia,” daktari anasisitiza. “Zikififia zote mbili, ni wingu.”

“Jirani yupi?”

Daktari anaonyesha kwenye skrini. Mama anaangua kicheko.

“Huyo? Baba, huyo kinyonga! Leo anang'aa, kesho kanuna. Namjua tangu hujaota ndevu.”

Anavuta daftari la jalada gumu, lililochakaa pembeni, ambamo huandika nyota zote zinazobadilika zenyewe bila sababu ya anga. Hii imo, imepigiwa mistari miwili myekundu.

“Sasa pima hao majirani wengine sita.”

Daktari anapima. Ya kwanza imetulia. Ya pili pia. Anapofika ya sita, anairudia mara mbili.

“Hazijatikisika,” anasema polepole.

“Wingu gani hilo linaruka nyota sita?”

“Basi tumeuona ukingo wa mkondo!”

Mama ana namna yake ya kueleza hilo. “Ni kama kuchungulia shamba kwa tundu la ukuta. Mkondo ukipunguza kasi, tundu linapanuka, unaona shamba zaidi. Ndiyo maana mwanga hushuka taratibu. Ukifika mpakani, tundu lipanuke litakavyo, shamba limekwisha. Hapo mwanga unaporomoka.”

Mwaka huu anapanga kuliingiza daftari lake lote kwenye kompyuta, kila kituo kilitumie. “Nisije nikastaafu na vinyonga wangu kabatini.”

Daktari anasimama na kumsogezea kiti chake.

“Andika wewe, Mama. Jina lako litangulie.”

“Usije ukajuta.”

“Andika bwana, saa zinakwenda!”

Anakaa. Kwa vidole viwili anaandika jina lake, la kwanza kwenye orodha ya waandishi kwa mara ya kwanza, kisha mistari minne: nukta ibaki, mwanga unaporomoka, elekezeni darubini leo hii, msingoje wiki ijayo.

Anabonyeza. Imekwenda.