Shemeji Aliyeziba Madirisha

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, hajawahi kuvuta sigara hata moja. Naanza na hilo kwa sababu mtaani wanasema kifua chake kimeliwa na sigara, na wifi yangu, dada yao mkubwa, anawaitikia kwa kichwa.

Kazi yake ni kufufua vyuma vya zamani: vitanda, mageti, vyuma vya madirisha. Anaunganisha mpira kwenye kompresa, mashine ya kusukuma hewa, na kupuliza mchanga kwa nguvu mpaka kutu na rangi vinadondoka, chuma kinabaki cheupe kama kijiko kipya. Wenyewe wakija kuchukua vitanda vyao hawavitambui. Ni fundi hasa. Lakini kazi hiyo alikuwa akiifanya ndani, katika chumba kilichokuwa cha vitabu vya marehemu, aliyekuwa mwalimu mkuu, mlango umefungwa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, puani kitambaa tu.

Daktari alituambia wazi: ni vumbi la mchanga, limeshakaa mapafuni, na akiendelea litammaliza. Kesho yake nikasikia kompresa inanguruma. Nikasukuma mlango. Sikuona mtu, niliona wingu linakohoa.

"Zima hiyo."

"Nimalizie mguu mmoja tu, shemeji."

"Mguu wa kitanda, au wako ulioko kaburini?"

Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Nikifungua, vumbi litatoka nje. Watasema nyumba ya mwalimu mkuu imegeuka gereji."

"Nani kakwambia hivyo?"

Macho yake yakaenda mlangoni, aliposimama wifi.

"Mimi," wifi akasema. "Kaka hakutuachia jina ili tulipake kutu."

"Kwa hiyo tulipake uongo wa sigara? Jina la mume wangu nalilinda mimi, wifi, na sililindi kwa kumzika ndugu yake akiwa hai."

Nikayang'oa mablanketi. Vumbi jekundu likamwagika barabarani.

"Majirani wanatazama," wifi akanong'ona.

"Watazame."

Nikachomoa mpira. Shemeji akakaa sakafuni kama mtu aliyenyang'anywa mkono. "Bila huu mpira mimi ni nani?"

"Fundi. Utasugua kwa brashi ya waya, chuma kikiwa kimelowa, nje kwenye hewa. Utachelewa. Wenye haraka watafute kwingine."

Kisha nikainamia kitanda. "Wifi, shika huko."

"Na nguo hizi?"

"Na hizo hizo."

Akashika, akaelekea mlango wa nyuma. Nikamgeuza. Tukakitoa kwa mlango wa mbele.