Chiti ya Bibi wa Mwika

Wanaosema nimetunga waje Moshi wanitazame nikicheza gemu. Watazame tu, halafu waniambie.

Nipo kwenye kundi la mtandaoni linalohifadhi chiti za gemu za zamani, yaani vile vitufe unavyobonyeza kwa mpangilio fulani mchezaji wako akapata nguvu asizostahili. Mke wangu huniita mtoto mwenye ndevu. Kazi yangu kundini ilikuwa kujaribu, maana chiti haihifadhiwi mpaka mtu wa pili aithibitishe. Na nyumbani, kila jioni nilicheza na binti yangu Upendo, ambaye raha yake duniani ni kunishinda.

Basi mwanachama mmoja mgeni akaandika kwamba anayo chiti ya maisha yasiyoisha, ila haiwezi kutumwa kwa maandishi. Niende Mwika, juu mlimani, nikaione. Nikapanda mchana, ukungu umeishika migomba hata njia siioni vizuri. Nilitegemea kumkuta kijana. Aliyenifungulia mlango alikuwa bibi kizee, kitenge kiunoni, pedi ya gemu mkononi!

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu."

Sebuleni televisheni ya zamani, ile ya chogo, ilikuwa inawaka. Bibi akaanza kucheza. Mtu wake mdogo akaanguka shimoni, akaungua, akagongwa, hafi. Nilidhani atajisifu, kumbe analia. Akasema aliibonyeza kwa utani tu, na tangu hapo haizimiki mpaka mwingine aipokee. Akatoka uani, akarudi na jani la isale, akanipa kwa mikono miwili.

Kama wewe si Mchagga, utaniona mjinga. Kwetu mtu akikujia na isale akiomba, hata kama alikuchomea nyumba, humkatalii. Na mimi mjaribu chiti, ningemkatalia kwa lipi? Nikapokea pedi, nikabonyeza alivyonielekeza, nikamrudishia. Mtu wake akaanguka shimoni, akafa.

Bibi akapiga vigelegele. "Nimekufa! Nimekufa, mwanangu!"

Wachezaji wote husema hivyo, lakini si kwa furaha ile. Nikainama kuokota jani lililoniponyoka. Nilipoinuka, televisheni ilikuwa nyeusi na kiti kitupu. Nikaita weee. Nikatoka mbio, nikamuuliza mama aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe kando ya njia. Akanicheka. Nyumba ile haina mtu, akasema, na umeme haujawahi kuvutwa.

Sasa nilicheza na nani? Niamini, mpaka leo sielewi. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo, gemu yoyote, mashine yoyote, mtu wangu hafi. Kundini wamenivua kazi ya kujaribu, kwa sababu kila chiti mikononi mwangu inafanya kazi. Hilo nimelimeza. Upendo je? Alijaribu kunishinda wiki nzima, mwisho akalia: "Baba, unachiti!" Nilijitupa shimoni makusudi ili anishinde, nikagoma kufa. Siku hizi anacheza peke yake, mimi nakaa jikoni namsikiliza. Inaniuma sana.

Msiniombe hiyo chiti. Na mtu akikujia na pedi mkono mmoja, isale mkono wa pili, kimbia kabla hajakunyooshea. Nakuonya mapema kwa sababu jana nilikata jani moja uani. Liko mfukoni, bado bichi.