Alama Chini ya Unyayo

Katika ushirika wetu wa wachongaji pale Kariakoo, mimi nilikuwa nikichonga na rafiki yangu akimalizia: anapiga msasa, kisha anapaka nta mpaka mpingo unang'aa. Mjane mmoja aliagiza sanamu ya marehemu mumewe, mchuuzi wa samaki wa soko la Feri. Alinieleza mpaka lile bega lililoinama kwa kubeba tenga, nami nikalitoa vilevile. Chini ya unyayo nikakata alama yangu, mikato mitatu, maana kila fundi alikuwa na yake.

Siku ya kukabidhi mjane alilia, akamshika mkono rafiki yangu na kumshukuru yeye. Nikaigeuza ile sanamu. Alama yangu imeliwa na msasa, na mahali pake pana mwezi mwandamo, alama yake.

"Ndugu," akaniambia bila haya, "kazi ya ushirika ni ya wote."

"Ya wote, mbona alama ni yako peke yako?"

Na ule mwezi, jamani, nilimfundisha mimi kuukata, nikiwa nimemshika mkono.