Zakaria Fundi Viatu na Mlango wa Jirani

Ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu, nawasalimu katika jina la Bwana. Hamjambo huko mliko? Watoto wanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Siamini bado. Zakaria, fundi viatu wa Kangemi, rafiki yangu, ametutoka. Homa ilimshika, na wiki haikuisha.

Kila asubuhi tulishuka mjini pamoja kwa miguu, yeye na kisanduku chake cha misumari, mimi na mkasi wangu. Alikaa kwenye baraza ya duka, mimi na cherehani mlango wa pili. Wateja walidhani tunagombana. Kumbe ndiyo mazungumzo yetu!

Mwezi huu ugomvi ulikuwa mmoja. Mjumbe wetu katika Baraza la Kutunga Sheria aliwauliza wafanyabiashara wa Kangemi: siku tutakapojitawala, Kenya ikijitoa katika soko la pamoja na Uganda na Tanganyika, serikali ianze na nini? Sisi wawili, kwa niaba ya mafundi, tukaambiwa tulete neno moja kwenye mkutano kanisani.

Neno moja! Zakaria na mimi?

Mimi nilitaka ushuru. Kila shati lililoshonwa tayari litozwe, litoke Ulaya, litoke Uganda. Mashati hayo yananimaliza.

"Fundi," akaniambia, misumari mdomoni, "unataka kufunga mlango ushone gizani?"

"Na wewe, viatu vya kiwandani havikuumi?"

"Vinaniuma sana. Vya ng'ambo vitozwe. Lakini na jirani tuandikiane mkataba: chakula kipite, ngozi zipite, watu wapite. Perisi wangu ameolewa Mbale, Uganda. Askari wa forodha apekue kikapu cha mtoto wangu? Wacha wewe!"

Nikamwambia nchi haiendeshwi kwa ajili ya Perisi. Alicheka mpaka msumari ukamdondoka.

Tulimpeleka kwao Maragoli kumzika. Mvua ilikuwa imekataa huko. Waombolezaji wamejaa uani, sufuria tupu.

Ndipo Perisi akafika kutoka Mbale na lori la shemeji yake, ndizi tele na magunia ya unga wa mtama. Njiani, hata mpakani, hakuna aliyewasimamisha. Alikuta jeneza la baba yake halijafunikwa. Akamshika uso kwa mikono miwili.

Nilikula zile ndizi, ndugu zangu. Nilikula nikilia.

Jumamosi nikasimama kanisani. Wenzangu wa cherehani wakaninong'oneza, "Sema lako tu, mwenzako hayupo."

Nikasema la Zakaria, lote: vya ng'ambo vilipe, na jirani tupatane naye kabla hatujajitoa, si baadaye.

"Fundi, umehama lini?" mzee mmoja akapaza sauti.

"Matangani," nikamjibu.

Wakacheka. Mikono ikainuka, mingi. Mjumbe ameondoka na neno hilo.

Mashati bado yananimaliza, sitawadanganya. Leo mama mmoja ameshika kaptula niliyomshonea mwanawe, akaiangalia ya dukani, akanirudishia yangu. Nimemwombea heri, nikaendelea kushona. Mungu atanionyesha njia.

Zakaria, umenishinda, na hukuwepo unicheke. Lala mikononi mwa Bwana, rafiki yangu. Perisi amerudi Mbale salama.

Nanyi wasomaji, hasa mlio Uganda na Tanganyika, huko kwenu mnasemaje juu yetu? Tafadhali nijibuni upesi.

Fundi cherehani, Kangemi